Jeki, Debe na Maji ya Betri: Historia Fupi ya Majina ya Vifaa vya Mwenye Gari Katika Nchi ya Ufipa

Gari lililozoea njia za Ufipa huchukua vitu vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari lenyewe: jeki, spana, pampu, mkanda wa feni wa akiba, plagi na viraka. Namna ya pili ni vile vilivyotoka nyumbani: kipande cha sabuni, debe, jembe, kamba, tambara, kiberiti na chupa ya maji. Vitu hivi vimekaa pamoja kwa muda mrefu hata majina yake yamechanganyika, na mara nyingine jina la kitu cha jikoni limehamia kwenye gari, au jina la kitu cha gari limehamia nyumbani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza majina hayo: yametoka wapi, yameingia kwa njia gani, na ni yapi kati yake yanayofaa kuandikwa katika vitabu vya mafunzo, vibandiko vya chupa na hati za serikali. Tumechagua Ufipa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi iliyokuwa na ufundi wake wa chuma kabla gari halijafika. Pili, ni nchi ambayo haikupata reli, kwa hiyo ilitegemea barabara, na aliyesafiri barabarani alitegemea vifaa alivyobeba na majina aliyoyajua.

Hoja yetu kuu ni hii: jina jema la kifaa si lazima lieleze kifaa kilivyo, lakini ni lazima likitofautishe na kingine. Wafasiri wengi hushughulika na sharti la kwanza wakalisahau la pili, na katika mambo ya gari, kulisahau la pili kwaweza kumpofusha mtu au kumwua.

1. Nchi na njia zake

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini yake kwa kiasi cha mita 1,000. Anayetoka mjini kuelekea Muze hana budi kuteremka ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi zenye miti michache, na alfajiri za mwezi wa Juni na Julai huwa na baridi kali.

Reli haikufika Sumbawanga. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita Mbeya na Tunduma ikaingia Zambia. Kwa miaka mingi, basi, bidhaa za dukani zilifika ama kwa meli za Ziwa Tanganyika mpaka Kasanga na Kipili, ama kwa lori kutoka upande wa Mbeya au wa Mpanda. Kabla ya lori zilibebwa kichwani. Barabara ya Stevenson, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1881 kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ilipita kusini tu mwa nchi hii, na mizigo mingi iliyopita huko ilichukuliwa na wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Uingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka boma ya Wajerumani ya Bismarckburg, yaani Kasanga, mwezi wa Juni 1916; chakula na risasi za majeshi hayo zilibebwa na wapagazi walioitwa tengatenga.

Gari la kwanza kulivuka bara letu kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi liliondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907, likiendeshwa na Mjerumani Paul Graetz, likafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909. Safari hiyo ilichukua karibu miaka miwili, na petroli yake ilitangulizwa njiani katika vituo vilivyowekwa mapema. Hapa pana jambo la kumfikirisha mwanaisimu. Wajerumani ndio waliotawala nchi hii gari lilipoingia, nao walituachia maneno kama shule na hela. Lakini majina ya vifaa vya gari karibu yote tuliyoyapokea kwa njia ya Wazungu yametoka katika Kiingereza. Sababu yake si ngumu kuiona. Kabla ya mwaka 1916 magari yalikuwa machache mno kuunda kundi la mafundi na madereva wa Kiafrika. Kundi hilo lilizaliwa chini ya utawala wa Waingereza, na lugha ya msimamizi wa karakana ndiyo iliyotoa majina. Kuja kwa kitu hakutoshi kuleta jina lake: jina hufuatana na watu wanaokishika kitu hicho kila siku.

Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, makao yake yakiwa Sumbawanga, ofisi, shule na hospitali zilihitaji magari mengi zaidi kuliko zamani, na barabara zilikuwa bado za udongo. Barabara ya kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 220 na zaidi, ilikuja kuwekewa lami katika miaka ya mwanzo ya 2010. Kwa muda wote uliotangulia, dereva wa Ufipa alikuwa fundi kwa lazima.

2. Milango mitatu ya majina

Mlango wa kwanza ni kiwanda cha mhunzi. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu kwa Kifipa, zilifikia kimo cha mita tatu hivi, nazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iitwayo kintengwe, ambayo ilihitaji mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Wataalamu wa mambo ya kale, miongoni mwao Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameandika mengi juu ya kazi hiyo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 uyeyushaji ulififia, kwa kuwa majembe ya viwandani yalijaa madukani.

Kiswahili nacho kilikuwa na maneno yake ya kiwanda cha mhunzi: nyundo, koleo, tindo, fuawe, mvukuto. Maneno haya ni ya Kibantu, na gari lilipofika hayakufukuzwa. Nyundo ya fundi wa gari ni nyundo ileile. Koleo la kushikia chuma cha moto lilikubali kuwa jina la kifaa kidogo cha kubania waya, ingawa gerejini fundi aghalabu husema plaizi. Tindo imebaki tindo. Tena gari lenyewe lilimlipa mhunzi fadhila, maana springi iliyovunjika ni chuma kizuri, na wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika wameifua kuwa visu na majembe. Mtu aliyeacha kuyeyusha mawe ya chuma aliweza kuendelea kufua chuma cha lori.

Mlango wa pili ni Bahari ya Hindi. Neno gari lilitoka Uhindi, likatumika kwa gari la ng'ombe na la farasi kabla ya gari la moto. Debe, gundi na karakana yamepita njia hiyohiyo ya biashara. Bomba ni neno la Kireno, lililoshika maana ya chombo cha kusukumia maji kabla ya kuwa jina la mfereji wa chuma. La ajabu zaidi ni usukani. Neno hili ni la Kiarabu, nalo ni chombo cha kuongozea jahazi. Dereva anayeshika usukani katika kona za Lyamba lya Mfipa, mamia ya kilomita kutoka pwani, anatumia neno la nahodha. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Wasemaji waliona kazi ya chombo ni moja, jina likahama.

Mlango wa tatu ni Kiingereza: jeki, spana, nati, bolti, pampu, pancha, tairi, breki, klachi, gia, rejeta, plagi, betri. Watu wengine huyaonea haya maneno haya, wakitaka yaundiwe badala. Hao twawaomba waangalie historia ya maneno yenyewe. Spana haikuzaliwa Uingereza. Ni neno la Kijerumani lenye asili ya kitenzi cha kukaza, nalo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17 likiwa jina la chombo cha kukazia springi ya bunduki. Waingereza hawakuona haya kulikopa, wala hawakulibadilisha bunduki za namna hiyo zilipokwisha. Jeki ni jina la mtu, Jack, ambalo Waingereza walilitumia kwa vyombo vinavyofanya kazi ya mtumishi. Hakuna katika silabi zake linaloeleza kuinua gari. Kama Kiingereza kimeridhika na jina lisiloeleza kitu, mradi halichanganyi na kingine, hatuoni kwa nini Kiswahili kisiridhike nalo.

Si kila mkopo, hata hivyo, unastahili kulindwa. Lori za zamani ziliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na aliyefanya kazi hiyo aliitwa taniboi, kwa Kiingereza chenye maana ya kijana wa kuzungusha. Kiwashio cha umeme kilianza kuwekwa katika magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1912, na baadaye kikaenea kote, hendeli ikaachwa. Jina la taniboi likabaki, ingawa hapana tena cha kuzungusha. Tatizo lake si kwamba limepitwa na wakati, maana tumekwisha kusema kwamba jina halilazimiki kueleza. Tatizo lake ni lile neno la mwisho, ambalo wakoloni waliwaitia watu wazima wenye wake na watoto. Kiswahili kinalo neno utingo, nalo ndilo linalofaa kuandikwa katika fomu za ajira na mikataba ya kazi.

3. Vitu vya nyumbani vilivyoingia barabarani

Tumetaja debe. Hapo kwanza lilikuwa kopo la bati la pembe nne lililoletea watu mafuta ya taa na petroli, lenye galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, chombo hakikutupwa. Kilichotea maji, kilichemshia nguo, kilifunguliwa kuwa bati la kuezekea, na kikawa kipimo cha nafaka. Katika masoko ya Rukwa, mkoa unaohesabika miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mahindi nchini, mkulima amezoea kuuza kwa debe. Hivyo chombo cha gari kimekuwa kipimo cha chakula, na mtumishi wa serikali anayeandika taarifa ya mavuno yapasa akumbuke kwamba debe ni kipimo cha ujazo na kilo ni kipimo cha uzito, hata kama ndimi za watu hulitaja debe mahali pa vyote viwili.

Mrithi wa debe barabarani ni jerikeni. Hilo lilibuniwa na jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, likiwa la lita 20, na Waingereza waliolichukua vitani wakaliita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani. Ya plastiki hapa kwetu huitwa dumu. Kwa mfasiri tofauti hii yafaa kutunzwa: dumu la plastiki lililotoka na mafuta ya kupikia halikutengenezwa kuhifadhi petroli, na agizo la usalama linalosema jerikeni ya chuma halifai kufasiriwa kwa neno dumu tupu.

Karabai ina historia inayofanana. Taa za magari ya kwanza ziliwaka kwa gesi iliyotoka katika kabaidi iliyotiwa maji, na jina la taa limetokana na kitu hicho. Taa za umeme zilipoingia katika magari, kabaidi iliondoka. Jina likahamia kwenye taa ya mafuta ya taa yenye pampu, iliyomulika maduka na ngoma za usiku. Watu wengi waliowasha karabai hawakupata kuiona kabaidi.

Msasa ni mfano tunaoupenda kuliko yote. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na mafundi wa zamani walitumia majani hayo kulainishia mbao na pembe. Karatasi yenye mchanga ilipoletwa kutoka viwandani, wasemaji hawakutafuta neno; waliiita msasa. Leo fundi anayeziba pancha husugua mpira wa ndani kwa msasa, hupaka gundi, husubiri ikauke kidogo, kisha hubandika kiraka. Tazama sentensi hiyo: msasa ni mti, mpira ni mmea wenye utomvu ambao wafanyabiashara wa pwani waliusafirisha katika karne ya 19, gundi ni neno la Uhindi, kiraka ni cha nguo, na pancha pekee ndiyo iliyotoka katika Kiingereza. Kazi nzima ya kisasa imesemwa kwa maneno ya kale, na hakuna msikilizaji anayepotea.

Ama kuhusu vitu ambavyo havikubadili jina bali vilibadili kazi, orodha ni ndefu. Kipande cha sabuni ya kufulia huziba kwa muda tangi la petroli linalovuja, kwa sababu sabuni haiyeyuki katika petroli. Magadi ya jikoni yakitiwa maji huondoa ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, kwa kuwa magadi huivunja nguvu asidi. Kisha vichwa hivyo hupakwa mafuta ya mgando, yaleyale ya kupaka mwilini, ili ukungu usirudi. Mafuta ya taa hulegeza nati yenye kutu. Tumbaku iliyosuguliwa kwenye kioo humsaidia dereva ambaye vifutio vyake vimekufa mvuani. Soksi ndefu ya nailoni iliyofungwa vizuri imewahi kuwafikisha wasafiri wengi duniani mahali pa mkanda wa feni uliokatika. Nyasi zilizoshindiliwa ndani ya tairi zimechukua nafasi ya mpira wa ndani uliopasuka, na nyasi ni kitu ambacho Ufipa haikukosa. Miti ndiyo michache, kwa hiyo anayevuka uwanda hana budi kubeba ubao wake wa kuweka chini ya jeki ili isizame matopeni.

Njia nayo ilirudisha kitu nyumbani. Tairi lililokwisha lilikatwa likawa katambuga, viatu vilivyomvusha mkulima miiba na matope. Neno hilo ni la watu wenyewe, nalo halina haja ya kusaidiwa na yeyote.

4. Upepo wa dereva na kanieneo ya mwalimu

Mwalimu wa fizikia atashughulishwa zaidi na neno upepo. Dereva hujaza upepo, hupima upepo, hulalamika kwamba tairi halina upepo. Mwanafunzi wa sekondari akifungua kamusi sanifu ya masomo ya sayansi iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, atakuta neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Je, tumsahihishe dereva?

Twaona si lazima, na pengine ni vibaya. Dereva anaposema upepo ana maana mbili ambazo muktadha huzitenga: hewa iliyomo, na nguvu ya hewa hiyo. Kwa kazi yake yatosha. Mwalimu ana kazi nyingine: anataka kusema kwamba maji ya kisima, hewa ya tairi na hewa ya anga vyote vina jambo moja linalopimika, na kwa jambo hilo upepo haufai, kwani maji hayana upepo. Basi kila neno lina mahali pake, na mwalimu mwenye busara ataanza na upepo wa tairi ili afike kwenye kanieneo.

Sumbawanga ni darasa zuri kwa somo hilo. Kwa sababu ya kimo cha mji, kanieneo ya anga ni ndogo kuliko ya pwani, na maji katika sufuria isiyo na kifuniko huchemka yanapofikia nyuzi 94 hivi za sentigredi, wala si 100. Maharage huchelewa kuiva kwa sababu hiyo, na rejeta isiyo na kifuniko kizuri hutokota mapema. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kuyabana maji ili yasichemke upesi; ndiyo maana anayekifungua injini ikiwa ya moto hurukiwa na maji na mvuke usoni. Mwanafunzi aliyeelewa kanieneo ameelewa pia kwa nini asikiguse kifuniko hicho. Hapo istilahi imefanya kazi yake.

5. Maji, mafuta na dawa

Sasa tumefikia jambo lililotusukuma kuandika. Kiswahili cha kila siku huviita karibu vitu vyote vya majimaji kwa majina matatu: maji, mafuta na dawa. Ni maneno mazuri na mapana. Upana wake huwa hatari pale vitu viwili vyenye sumu au ukali tofauti vinapowekwa chini ya jina moja.

Tuanze na maji ya betri. Betri ya gari, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, ina asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Gari linapotumika, maji hupungua kwa kugeuka mvuke na gesi, lakini asidi hubaki. Kwa hiyo anayeongeza hupaswa kutia maji yaliyotoneshwa tu, yasiyo na chumvi wala asidi. Mara nyingi, hata hivyo, jina maji ya betri hutajwa kwa vyote viwili: yale maji safi ya kuongeza, na ile asidi ya kujazia betri mpya. Mnunuzi akipewa cha pili akidhani ni cha kwanza, betri huharibika. Asidi ikimwagika, huunguza ngozi na kupofusha macho. Nayo ikiwekwa katika chupa ya soda juu ya kabati, jina maji humwambia mtoto jambo lisilo kweli. Hapa jina limeshindwa sharti letu la pekee: halitofautishi.

Tulinganishe na mafuta ya breki. Mwanakemia atasema kwamba kitu hicho katika magari mengi si mafuta hata kidogo. Wafasiri wengine, wakifuata ukweli huo, wamependa kuandika kiowevu cha breki. Sisi twaona haraka hiyo haina faida. Jina mafuta ya breki lina kitu kimoja tu, nacho kila muuza vipuri anakijua. Anayeomba mafuta ya breki hupewa mafuta ya breki. Anayeomba kiowevu huulizwa anataka nini. Hatari ipo, lakini haiko katika jina zima: iko pale mtu anapolifupisha akasema mafuta, kisha akatia oili ya injini katika kopo la breki. Oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani ya breki, na breki zikalegea kwenye mteremko wa kwanza. Dawa ya tatizo hilo ni sentensi ya onyo kwenye kopo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa: usitie oili.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa nayo yameitwa mafuta bila kutofautishwa, na kibandiko au taarifa ya ajali inayosema mafuta tu haimsaidii daktari anayemtibu mtu aliyeyameza alipokuwa akiyanyonya kwa mpira. Hati za serikali hazina budi kulitaja jina kamili kila mara, hata kama kwa kufanya hivyo sentensi itakuwa ndefu.

Ama neno dawa, limeenea kutoka hospitali mpaka kwenye kiatu, meno na mbu, na hatuna ugomvi na matumizi hayo yaliyokwisha kukaa. Tunachoomba ni kwamba wafasiri wasilipeleke neno hilo kwenye vitu vinavyotiwa katika rejeta kuzuia kuganda au kuchemka. Vingi kati ya hivyo vina glaikoli, yenye ladha tamu na sumu kali. Kitu kitamu chenye kibandiko cha dawa ni mtego kwa watoto na kwa asiyejua kusoma vizuri.

6. Mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaeleza, twapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kwanza, majina ya vifaa yaliyokwisha kukubalika kwa mafundi na madereva yaandikwe kama yalivyo, kwa tahajia ya Kiswahili: jeki, spana, pampu, pancha, rejeta. Mfasiri asiunde jina jipya mpaka ameuliza gerejini na dukani kama lipo la zamani.

Pili, mahali ambapo jina moja limebeba vitu viwili vya hatari, ligawanywe bila kuchelewa. Twapendekeza maji safi ya betri kwa yale ya kuongeza, na asidi ya betri kwa ile kali. Jina maji ya betri likiwa peke yake lisionekane kwenye kibandiko chochote.

Tatu, jina lisiloeleza ukweli wa kemia lakini linalotofautisha vema, kama mafuta ya breki, liachwe, na ukweli wa kemia uelezwe katika onyo au katika somo.

Nne, walimu wa mikoa yenye ufundi wa kale, kama Rukwa, wakusanye maneno ya wahunzi kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka. Malungu yamesimama kimya porini, lakini majina ya sehemu zake, ya kazi zake na ya kasoro zake ni hazina ambayo kamusi za ufundi zaweza kuchota. Lugha iliyotoa msasa kwa karatasi ya kiwandani na usukani kwa lori haikosi jina la kifaa kijacho. Yahitaji tu watu wa kusikiliza kabla ya kuandika. Wasomaji wenye maneno ya namna hiyo, hasa walio Nkasi, Kalambo na Sumbawanga, twawaomba watuletee pamoja na maelezo ya matumizi yake na mahali yanaposemwa, ili yajadiliwe na kusanifiwa.